Siku Tulipoanika Dagaa Halmashauri

Ng'wanone Milembe, mwanangu,

Shikamoo yako nimeiitikia leo mara nyingi kuliko siku zote, kwa hiyo salamu tuziache. Uko chumba cha pili unahangaika na kufuli la sanduku, na mimi nakuandikia kana kwamba uko Ulaya. Mama yako amenicheka. "Si umwite tu umwambie?" Nimemwambia aniache. Unanijua, mwanangu: nikikuita hapa nitaanza habari za nauli, na viatu, na usinunue chakula stesheni kabla hujakifunua, halafu yenye maana yote yatanipita. Hayo ya nauli na viatu mama yako ameshakwambia, amerudia, na kesho asubuhi atayarudia mbele ya majirani. Mimi nina yangu. Utayasoma kwenye treni, ukishachoka kutazama dirishani.

Kesho unakwenda kuwa mwalimu. Mwalimu wa serikali, mwenye darasa lake na chaki yake! Mtoto wa mkusanya ushuru na mwanika dagaa! Leo nimezunguka mtaa mzima nikisalimia hata watu ambao tulikuwa hatusalimiani. Fundi baiskeli akaniuliza, "Mzee, umeshinda bahati nasibu?" Nikamwambia hiyo mbona ndogo. Acha niringe bwana, nimengoja sana.

Ila kuna habari moja nataka uondoke nayo ikiwa imenyooka, nayo ni ile ya dagaa. Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwa mtoto wa darasa la saba, una beseni kichwani, mengi hukuyaona. Na watu wameiharibu. Hapa Ilemela wanasimulia kwamba nilikimbia nikajificha nyuma ya mawe. Kule Igogo, mama yako anakouza dagaa wakavu, wanasimulia kwamba jambo lote nililipanga mimi. Uongo mtupu, huku na huko. Sikukimbia, na sikupanga kitu.

Kazi yangu miaka ile unaikumbuka. Nilikaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kwenye meza yangu chini ya bati, kofia ya halmashauri kichwani, nasubiri wavuvi wa dagaa warudi asubuhi. Kila beseni lilikuwa na ushuru wake. Wanawake ndio walionunua, wanawake ndio walioanika, na wanawake ndio walionitukana. Walikuwa na haki ya kutukana. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kimefunguliwa, viwanda vya sangara vinachomoza kandokando ya ziwa, mitumba imejaa sokoni, na kila kilichokuwa bure kimeanza kuwa na bei. Dawa bei, dawati bei. Mwanamke mwenye beseni moja la dagaa alikuwa anadaiwa na kila mwenye kofia, na ushuru wangu nao ukapandishwa juu ya hayo. Wakaanza kunificha mzigo. Wanajaza dagaa, juu wanafunika kanga zilizolowa, wanapita na kunisalimia kama watu wanaotoka kufua.

Mkubwa wangu wa kazi akanipa dawa yao. "Waambie ni mishahara ya walimu. Hakuna mama atakayekataa kumlipa mwalimu wa mwanawe." Nikaipenda sana hiyo. Nikaitia na madoido yangu. Asubuhi nzima sauti yangu ilisikika mpaka juu milimani: "Haya mama, toa, mshahara wa mwalimu huo! Mtoto asome!" Na kweli walitoa. Walinung'unika, lakini walitoa. Hata mama yako nilimtoza mbele ya watu, wasije wakasema napendelea. Alilipa. Jioni akaniwekea ugali mtupu. Nikauliza, mboga iko wapi? "Imeliwa na ushuru," akasema, akaendelea kula wa kwake na dagaa.

Ile fedha, ikishatoka mkononi mwangu, sikuuliza hata siku moja inakwenda wapi. Niliikabidhi, nikarudi kwenye meza yangu. Neno nililopewa kinywani nililisema kwa sauti kubwa, na kwa vile nilikuwa na sauti nzuri nikadhani ninalijua.

Halafu siku moja ukarudi shule umejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na kidole gumba kimevimba.

Mama yako akakushika mkono. "Umefanya nini?"

"Tulikuwa tunajifunza kujumlisha sehemu, mama."

"Kujumlisha sehemu kunavimbisha kidole?"

Ndipo ukatoa yote. Mwalimu Bahati, mwalimu wenu wa hesabu, hakuwa anakuja tena darasani. Alikuwa mlimani anapasua kokoto za kuwauzia wajenzi wa viwanda. Wanafunzi waliotaka kusoma walimfuata huko huko. Anagonga nyundo, anauliza swali, anagonga tena. Na ninyi mkisubiri zamu ya kujibu mnagonga pia, kumsaidia. Wenzake wawili nao walikuwa wameshatafuta vibarua vyao. Na mtihani wa darasa la saba ulikuwa mlangoni, mtihani ambao hauna kurudia. Ukianguka, ndiyo basi, umeshamaliza shule ukiwa bado mtoto.

Mama yako alijifunga kanga kiunoni akapanda mlimani kugombana. Nilimsikia akifoka njia nzima. Aliporudi alikuwa kimya, na kimya cha mama yako unakijua, afadhali makelele. Alimkuta Mwalimu Bahati amevaa shati lake lile lile la kufundishia, kola imefungwa vizuri, anapasua mawe. Mkewe kakaa pembeni na mtoto mgongoni, naye anapasua. Mwalimu akasimama, akamwamkia, akamwomba radhi. Hawakuwa wameona mshahara miezi na miezi. Mwenye duka alikuwa amekataa kuwakopesha, na mwenye nyumba alikuwa amekuja kung'oa mlango akaondoka nao.

"Baba Milembe," mama yako akaniambia, "mimi nimemlipa yule mwalimu kila asubuhi tangu mwaka jana. Wewe ndiwe uliyepokea. Nani amekula?"

Nikapandisha hasira. Nikamwambia mambo ya serikali hayajui, serikali haikosei hesabu, na walimu nao wamezidi kulalamika. Nilisema hivyo, mwanangu. Wewe umekaa pale kwenye kigoda unalowesha kidole kwenye maji ya chumvi, na mimi nasema walimu wamezidi kulalamika. Ningeweza kuliruka hili, maana mama yako hajalisema tena tangu siku ile, lakini nataka ujue lilitoka kinywani kwa baba yako na si kwa mtu mbaya wa mbali.

Kesho yake dagaa walikuwa wengi ajabu. Mitumbwi ilirudi imezama mpaka ukingoni, karabai bado zinafuka moshi. Nikaketi, nikarekebisha kofia, nikafungua kinywa. "Haya mama, toa, mshahara wa mwa..." Sikumaliza. Wanawake walikuwa wamejipanga mstari, jambo ambalo hawajawahi kulifanya toka niwajue. Na mbele ya mstari, kando ya meza yangu, wamesimama Mwalimu Bahati, na mwalimu mkuu, mama mtu mzima yule mwenye miwani, na mwalimu wenu wa Kiswahili.

Wa kwanza kwenye mstari ni mke wangu. Fedha kaishika, hanipi.

"Huu ni mshahara wa mwalimu, sivyo?"

"Ndivyo," nikasema, maana watu wananitazama.

"Mwalimu si huyu hapa? Mpe basi, tushuhudie."

Weee! Mwalo mzima ukaangua kicheko. Wavuvi wakaacha nyavu wakasogea. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Milembe, usinifanyie hivi." Akasema kwa sauti ya juu, "Nimekufanya nini? Nimekuja kulipa." Nikasimama nikatangaza kwamba sheria inasema fedha iende ofisini kwanza, nikimpa mtu yeyote hapa nafungwa. Hilo lilikuwa kweli.

"Sawa," akasema. "Hatutaki ufungwe, nani atatupigia kelele asubuhi? Twende wote ofisini."

"Na dagaa? Wataoza!"

"Wataanikwa huko huko. Kwani jua la mjini lina ushuru?"

Lori la mchanga lilikuwa limesimama barabarani. Sijui walimwambia nini dereva, nilichokiona ni mabeseni yanapanda, wanawake wanapanda, walimu wanavutwa mikono wapande. Hapo ndipo wanaposema nilikimbia. Sikiliza, nilifikiri kukimbia. Njia ya mkato ya kwenda kwa mkubwa wangu ilikuwa pale pale nyuma ya bati, ningefika kabla yao, ningesema mapema, kazi yangu ingepona. Nikageuka. Ndipo nikakuona wewe na sare yako ya shule, saa ambayo ulitakiwa uwe darasani, beseni kichwani, kidole kimefungwa kitambaa, unamuuliza Mwalimu Bahati kitu na yeye anakujibu kwa kuchora hewani na kidole. Mnafanya hesabu! Kwenye foleni ya kupanda lori la mchanga, mnafanya hesabu! Nikauchukua mfuko wangu wa ushuru nikapanda. Hakuna aliyenivuta, na ukisikia mtu anasema nilivutwa, mkatalie.

Ofisi ile ilikuwa na uwanja mzuri wa saruji, unafagiliwa mara mbili kwa siku, bendera katikati. Wanawake walishuka, wakawasalimia walinzi kwa adabu zote, shikamoo baba, shikamoo kaka, hata wadogo zao waliwaamkia, na kabla walinzi hawajamaliza kuitikia dagaa walikuwa wameshamwagwa. Uwanja mzima, kuanzia kwenye bendera mpaka kwenye ngazi. Wakainama wakaanza kutandaza kama wako mchangani kwao, wanaimba.

Dagaa mbichi, jua la Mwanza, saruji ya moto. Sina haja ya kukueleza harufu, umekulia ndani yake. Lakini wale makarani hawakukulia ndani yake. Kwanza walifunga madirisha. Wakaungua na joto, wakayafungua. Nzi wakaingia. Kisha wakaja korongo, Milembe! Wale wakubwa wenye vipara wanaoshinda jalalani. Mmoja akatua juu ya paa, wa pili juu ya gari la mkubwa, na baada ya muda walikuwa wamejipanga ukutani kama madiwani. Mama yako akawa anawafukuza kwa ufagio wa ofisi. Watu wa barabarani wakasimama kutazama. Mimi nilisimama karibu na ngazi na kofia yangu, sijui mikono niiweke wapi.

Akatoka mweka hazina, leso puani. "Mnataka nini hapa?"

"Shikamoo, bwana mkubwa," mama yako akasema. "Tumeleta mishahara ya walimu. Na walimu tumewaleta. Tunaomba tuone inavyolipwa, halafu tuondoke na dagaa wetu."

Yule bwana akamtazama kama mtu anayemhurumia. Akasema, "Mama, mishahara ya walimu haitoki kwenye ushuru wenu. Inatoka juu, na ya juu haijafika. Ushuru ni wa kuendesha ofisi. Mafuta ya magari, posho za vikao. Nani aliwaambia ni wa walimu?"

Wale wanawake wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuza vichwa wakanitazama mimi. Mwanangu, nimewahi kuumwa malaria ya kupanda kichwani, nimewahi kupinduka na mtumbwi, lakini sijawahi kutaka ardhi inimeze kama saa ile. Nilitoa kofia. Nikasema, "Mzee, ninyi mliniambia niwaambie hivyo. Na mimi sikuuliza."

"Wewe ni mfanyakazi wetu au ni wao?" akafoka.

Na hapa, Milembe, sijui ilitoka wapi. Sikuwa nimeipanga. Nikasikia sauti yangu ile ile ya mwaloni inatoka kwa nguvu zote, mpaka korongo wakaruka: "Mimi ni baba wa mtoto wa darasa la saba!"

Vigelegele! Ulipiga na wewe, nilikuona. Yule bwana akarudi nyuma ngazi moja. Na mama yako akaipokea pale pale nilipoiachia. Akasema, bila kupandisha sauti, "Bwana mkubwa, unasema fedha ya walimu inatoka juu. Huko juu kunavuliwa dagaa? Kunalimwa pamba? Hiyo fedha ilianza hapa chini, ikapanda. Sasa kama imechelewa kushuka, si mtumie hii ambayo haijapanda, mwaka huu tu? Magari yatembee baadaye. Mtihani hautungoji."

Wakubwa wa ofisi walijifungia kwenye kikao. Sisi nje tuligeuza dagaa, maana upande mmoja ulikuwa umeshakauka. Mwalimu mkuu alivua viatu akageuza na wenzake, na Mwalimu Bahati akawaketisha watoto waliokuja na mama zao kwenye kivuli cha ukuta akaendelea na sehemu, anaandika kwa kipande cha mkaa juu ya saruji ya halmashauri. Wakatoka alasiri. Wangelipa walimu wa shule yetu kutoka kwenye ushuru, sehemu leo hii, iliyobaki kadiri unavyokusanywa, na wangejirudishia fedha ya juu ikifika. Wakafungua dirisha la mhasibu. Nilisimama pale nikamwona Mwalimu Bahati anapokea. Mikono ilikuwa imechanwachanwa na mawe, noti zinamponyoka. Alikuja moja kwa moja akanishika mkono, mimi niliyesema wamezidi kulalamika. Nililia, sikufichi, na nililia vizuri.

Na mama yako? Dagaa walikuwa wamekauka. Akawauza kwa makarani wale wale, bei ya mjini! Kisha akaja mbele yangu na fedha mkononi, kidevu juu. "Haya bwana ushuru, toza." Nikamtoza. Jioni ile nilikula ugali na mboga mbili.

Mengine unayajua. Hawakunifukuza, waliogopa kuanikiwa tena. Mwalimu mkuu alitupa ubao mzee wa shule, tukaupigilia mwaloni, na kila Ijumaa unaandikwa kwa chaki tulichokusanya na kilikokwenda. Kanga zilizolowa zikaisha mabeseni yakawa wazi, na ushuru wa mwalo wetu ukapita wa mialo mingine yote, mpaka wakaja kutuuliza tunafanyaje. Mwaka uliofuata mishahara ilipochelewa tena, walitutumia mtu mapema kutueleza kabla giza la mwezi halijaingia na dagaa hawajawa wengi wa kwenda kuanika kwao. Mwenye nyumba aliurudisha mlango. Na Mwalimu Bahati aliwafundisha mpaka Jumapili baada ya kanisa, mpaka jina lako likabandikwa ukutani kwenye ofisi ya elimu, pamoja na waliofaulu, na mama yako akakimbia kutoka mwaloni mpaka shuleni, dagaa wamemganda mikononi, anakumbatia kila mtu.

Sasa zamu ni yako. Iko siku mzazi atakusimamia mlangoni mwa darasa akwambie, "Ninyi mnakula tu kodi zetu." Utaudhika, maana damu ya mama yako unayo. Ukimaliza kuudhika mtazame mikono. Huenda ametozwa asubuhi ile ile, na aliyemtoza alikuwa na sauti nzuri kama yangu. Mwingize ndani, mketishe kwenye dawati, aone unachofundisha. Na ikija miezi ile mingine, ya duka kukataa na mlango kung'olewa, usiende mlimani peke yako ukagonga mawe kwa aibu kama Mwalimu Bahati. Yule baba alikaa na njaa miezi yote ile kwa kuona haya kutuambia, na sisi tulikuwa chini ya mlima tunalipa. Waambie wazazi. Waambie mapema. Watakutukana kidogo, halafu watatafuta lori.

Mama yako amekuja, ananisomea begani. Anasema nimeacha kuandika kwamba wazo la kuanika lilikuwa lake. Nimeandika! Anasema pia amekutilia dagaa kwenye debe, chini ya vitabu, usiwagawe wote siku ya kwanza kwa kujionyesha.

Basi, mwalimu. Ndiyo, nimeanza kukuita hivyo, na kesho stesheni nitakuita kwa sauti, uone haya usione haya. Siku utakayopokea mshahara wako wa kwanza huko mbali, kabla hujaununulia kitu, zisogeze zile noti puani. Zimepita ofisi nyingi, zimepanda juu na kushuka, huenda hutasikia kitu. Nusa tena. Ukisikia harufu ya dagaa, ni sisi, tumelipa.

Baba yako,
wa ushuru, mwaloni